Fanta ya Odette

Odette mke wangu alicheza basketi Bukavu kabla sijamjua. Tuliporudi Rwanda, akacheza hapa Kamembe mpaka goti likakataa. Chuo kikuu kikamwita afundishe timu ya wasichana. Akafundisha miaka kumi na tisa. Mimi ni fundi wa viatu, sikusoma, na mchezo ule siuelewi. Akirudi nilimuuliza tu, "Mumeshinda?" Alijibu, "Tumecheza."

Tulimzika Jumatano.

Kwetu, muntu akifa, hakuna kushika jembe wala kazi mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo tunagawana pombe ya mtama, ndipo maisha yanaendelea. Anayeshika kazi yake kabla ya hapo anamdharau marehemu.

Jumamosi redio ikasema timu ya chuo imecheza. Batoto wa Odette! Udongo wa kaburi bado mbichi. Nikamwambia dada yangu Mukankusi, "Wakija kuondoa matanga, wasivuke mlango."

Wakaja. Kumi na moja, warefu kama mikaratusi. Mukankusi akasimama mlangoni.

"Munatafuta nini? Pombe ya muntu muliyemusahau?"

"Maman, hatukumusahau," akasema Gaju, nahodha wao. "Yeye mwenyewe alituambia, akiwa hospitali. Mutalia, lakini mucheze."

"Urefu wote huo, na umejaa uongo!"

Gaju akanitazama mimi. "Papa, hakukuambia ya mama yake?"

"Ya mama yake nini?"

"Mama yake alikufa Bukavu. Baada ya siku tatu, yeye akaenda kucheza finali. Siku ya kuondoa matanga, wajomba wakamunyima pombe. Akakaa mlangoni bila kikombe."

Nilikuwepo. Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Siku ya mchezo sikumuona mchana wote, nikadhani yuko na wanawake jikoni. Na siku ya pombe nilimuona pale mlangoni, mikono mitupu. Nikadhani hanywi.

Tangu hapo, kila harusi, kila ubatizo, nilimnunulia Fanta. Miaka thelathini na moja. Alikunywa. Hakusema kitu.

Kwa nini aliwaambia batoto hawa, mimi hapana? Labda alijua ningekaa upande wa wajomba. Sijui. Na leo nilikuwa nimekaa upande huo huo. Nilitaka kumuuliza Odette, nikageuka kumtafuta, mbele ya watu.

Kikombe cha kwanza siku hiyo ni cha mfiwa. Kilikuwa mkononi mwangu, bado sijakionja. Nikaenda nacho mlangoni, nikampa Gaju.

"Mzee, umechanganyikiwa," Mukankusi akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Waache wapite."

Gaju akanywa kidogo, akampa aliye nyuma yake. Kikombe kikaenda mkono kwa mkono mpaka wa kumi na moja. Nikauliza ninachojua kuuliza.

"Mulishinda?"

Gaju akafuta midomo.

"Tulicheza, Papa."