Nyumba ya Magurudumu na Mama Mkwe

Juzi gereji moja ya Bomani ilikuwa inamalizia gari la mstaafu mmoja, lenye jiko na vitanda ndani. Yeye, mkewe na mama mkwe wanakwenda Uganda kukaa na binti yao aliyejifungua.

Mama mkwe akachungulia ndani, akajifunika uso kwa kanga. “Nilale chini ya paa moja na mkwe wangu? Wakurya gani hao wanaofanya hivyo? Sipandi!”

“Kuna pazia, mama,” mstaafu akasema, macho kwenye matairi.

“Pazia si ukuta.”

Mkewe akaufunga mlango kwa kishindo. “Mama asipokwenda, nami siendi.”

Fundi akazima mashine ya kuchomelea. Mstaafu akamgeukia.

“Nitafutie hema,” akamwambia. “La mtu mmoja.”

Jiko alilipima, vitanda akavipima. Mila hakuipima, sasa atalala nje ya nyumba yake, nchi ya watu.