Hotuba ya Nne

Kwa miaka sita aliwaandikia wakubwa hotuba, na kwa miaka sita wakubwa walimwita Profesa. Vyeo walimpa bure. Pesa ndiyo iliyokuwa na utaratibu. Mkurugenzi mmoja alikuwa hajamlipa hotuba tatu.

Kila Jumatatu alivaa shati lake la kudaia. Lilikuwa limechakaa kiasi: likiwa jipya wangesema hana shida, likiwa bovu wangemfukuza getini.

"Hela yako ipo, Profesa," mhasibu wa mkurugenzi alimwambia bila kuinua macho.

"Ipo wapi?"

"Kwenye mchakato."

"Mwezi uliopita ilikuwa inasubiri saini."

"Basi si imesogea? Shukuru Mungu."

Mama mwenye nyumba hakuwa na mchakato. Alikuwa na kufuli jipya. Alimwonyesha mke wa Profesa, fundi cherehani, kwa upole kabisa: "Mwanangu, sina ubaya na nyie. Jumamosi jioni, kodi ya miezi mitatu, au mlango naufunga."

Alhamisi mkurugenzi akapiga simu. Kesho yake alikuwa na mkutano mkubwa, mada ni uadilifu. "Nisaidie na hii, Profesa. Zote tutalipa kwa pamoja."

"Mkono mtupu haulambwi," mkewe alisema huku akitunga uzi. "Wewe mwenzetu unaulamba mwaka wa sita."

Profesa alikaa mezani akaandika. Alijua jambo moja: mkurugenzi hakuwahi kusoma hotuba kabla ya kupanda jukwaani. Kujiandaa aliona ni kazi ya makarani.

Ijumaa, ukumbi ukiwa umejaa, sauti nzito ya mkurugenzi ilishuka ukurasa wa nne kama lori lisilo na breki: "Nasi tuanzie nyumbani. Mwandishi wa hotuba hii hajalipwa hotuba tatu. Mbele yenu naagiza alipwe zote nne kabla ya kesho saa sita mchana."

Macho yake yalifika mwisho wa sentensi baada ya mdomo. Lakini watu walikwishasimama, wakiupigia makofi ujasiri wa namna ile. Mlangoni, mpishi mwenye sinia mkononi akauliza kwa heshima, "Na sisi wa chakula, mheshimiwa?"

Jumamosi bahasha ilikuwa tayari, mchakato umeisha usiku mmoja.

"Umetuaibisha," mhasibu alisema. "Saini hapa, na usirudi tena."

Jioni mama mwenye nyumba alizihesabu noti mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga. Hakuondoka. Alisimama akiitazama meza ya Profesa.

"Nasikia unaandika mpaka watu wanalipa. Yule wa chumba cha nyuma ananizungusha. Niandikie barua, iwe kali."

Mke wa Profesa akasimamisha cherehani.

"Bei yangu naitaja kabla, mama," Profesa alisema.

"Aah, mwanangu, bei tena, mimi na wewe?" Alishavuta kiti. "Andika kwanza. Hatutashindwana."