Aliyekuja Boito Siku Klasta Ilipokwama

Unaweza kusema nilikuwa nimechoka. Hata mchungaji wangu alisema hivyo. Lakini ilikuwa mchana, nilikuwa macho, na haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Boito.

Tulikuwa tunahamisha programu ya kupima majani chai ya ushirika wetu. Ile mpya imegawanywa vipande: kimoja cha uzani, kingine cha malipo, kingine cha kuwatumia wakulima SMS. Kila kipande kina kontena yake, kama kisanduku kinamoendeshwa peke yake, na klasta, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja, inavichunga. Kikifa, inakiwasha tena. Sasa hicho cha uzani kilikuwa kinakufa na kuwashwa, kinakufa na kuwashwa. Mfumo wa zamani tulishauzima, na wakulima walikuwa wamefika vituoni na majani. Majani yakilala kwa gunia yanaharibika.

Nilikuwa namngoja Chebet, mwenzangu wa ofisi ya Bomet. Tulikuwa tumeonana kwa video tu. Mvua ilipoanza, mlango ukafunguka, akaingia. Sura yake, sauti yake. Akavuta kiti karibu yangu.

"Umeipa memori kidogo," akasema akiangalia skrini. "Inakufa kabla haijasimama. Iongezee."

Nikaongeza. Ikasimama, na uzani ukaanza kuingia kutoka vituoni. Yeye akacheka polepole, kama mtu aliyefurahi tu kuwa mahali. Niamini, sikuona lolote la ajabu.

Simu yangu ikalia. Ni Chebet.

"Pole, bado niko Bomet. Maji yamefunga barabara. Umefika wapi?"

Niligeuka. Kiti kilikuwa kitupu. Wewe ungesema nini? Nilimweleza yote. Akaniuliza swali moja.

"Alikuwa na kovu kwa kidevu, kama mimi?"

Nikafikiria. "Hapana."

"Tulizaliwa mapacha," akasema. "Mwenzangu alikufa tukiwa darasa la pili."

Kile kipande hakijasumbua tena, lakini mimi siwezi kufanya kazi peke yangu kwa ile ofisi. Chebet alimweleza mama yao, naye akaja kutoka Soin, akakaa pale kando yangu.

"Amekuwa mrefu?" akaniuliza.

Nilimwambia ndiyo, mama. Akaniuliza mengine, lakini sisi tulikuwa tumeongea habari ya memori tu.

Kwa hivyo wewe unayesoma, mtu akiketi karibu nawe kazini, usimwongeleshe mambo ya kazi tu. Muulize habari zake, na umsikilize akijibu.