Florini ya Mke Wangu

Mke wangu alikuwa na florini moja ya fedha aliyoifunga kwenye pembe ya leso, na mimi niliichukia kuliko nilivyomchukia mwanamume yeyote pale Busia. Florini ilikuwa pesa ya mkoloni iliyotumika muda mfupi tu kabla ya shilingi kuingia. Upande mmoja mfalme mwenye ndevu, upande wa pili simba. Mke wangu alipewa na karani wa kununua pamba kule Matayos, aliyemposa kabla yangu kisha akahamia Uganda. Habari hizo nilizipata kwa mdogo wa mke wangu, shemeji yangu mtani, siku aliyonikuta najisifu mbele ya wageni.

"Shemeji, usijivune sana," alisema. "Hapa ulipata mahali karani aliacha. Uliza dada hiyo pesa amefunga kwa leso ilitoka wapi."

Wageni walicheka. Mimi pia nilicheka, meno nje, roho inaungua.

Mke wangu hakuficha. "Ni ya karani. Alinipa, nikaweka. Ni pesa tu, mzee."

Kama ni pesa tu, mbona haikununua chumvi siku tulizokula mboga bila chumvi? Sikumuuliza. Nilivimba tu, nikaenda kumkemea ng'ombe ambaye hakuwa amekosa lolote.

Baadaye Kenya ikatoa pesa zake, Uganda zake, nami nikaanza kazi ya kubadilisha pesa pale mpakani. Watu walitoa mikebe yao ya pesa chini ya vitanda. Zile za kale kabisa nilimpelekea mzee mmoja Mhindi wa Malaba, mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa akizikusanya. Siku ya kwanza nilimpelekea rupia niliyoisugua kwa majivu na limau mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Karibu anifukuze.

"Wewe umeua hii pesa!" alisema. "Ile nyeusi si uchafu. Ni ngozi yake."

Alinifundisha kuzishika pesa kwa ukingo, kuzifunga moja moja kwa karatasi kavu zisikwaruzane, na kutoziosha kamwe. Aliniambia pia kwamba florini iliyotunzwa vizuri ni adimu, na angeilipia vizuri.

Siku hiyo niliendesha baiskeli hadi nyumbani nikiimba. Nilikuwa nimepata njia ya kumtoa karani nyumbani kwangu bila kuonekana mwenye wivu. Nikamwambia mke wangu habari za mabati ambayo florini ingetununulia. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na mvua ilipokuja kwa upepo tuliwahamisha watoto kutoka kona hadi kona. Nilisema kwa sauti ya baba mwenye huruma, na huruma nilikuwa nayo kidogo, lakini kilichokuwa kikisema hasa ni wivu.

Alivuta pembe ya leso. Kisha akafungua fundo.

"Kama ni ya mabati, peleka," alisema. "Watoto wanalowa."

Niliifunga kwenye karatasi upesi kabla hajabadilisha nia, wala sikuitazama. Kesho yake nikaenda Malaba.

Mzee aliweka kioo chake jichoni, akamtazama mfalme. "Maridadi! Ndevu zote ziko. Hii pesa haijatembea sokoni." Nikaanza kuyaona mabati juu ya nyumba yangu. Kisha akaigeuza, akanionyesha.

Simba hakuwapo. Upande mzima ulikuwa laini kama kipande cha sabuni kinachokaribia kwisha.

"Imesagwa kwa jiwe?" niliuliza.

"Hapana. Jiwe linakwaruza. Hii ni dole gumba." Akaiweka florini kiganjani, akapitisha dole lake juu yake polepole ili nione. "Mtu anashika hivi, kila siku, miaka mingi. Pole, boss. Haina bei sasa."

Miaka mingi. Miaka hiyo ilikuwa yangu mimi! Njia nzima ya kurudi Busia nilitafuta ni lini alikuwa akiishika hivyo. Je, alikuwa akiipapasa jikoni akingoja maji yachemke? Kanisani, mimi nikiwa nimekaa upande wa wanaume? Nilipokuwa nikimsimulia mambo ya mpakani naye akiitikia, "Ehe, ehe," mkono ukiwa ndani ya leso? Nilitamani kuitupa kwenye majani ya kando ya barabara. Lakini nilijua angekwenda kuitafuta.

Nilimkuta uani akipepeta wimbi. Aliweka ungo chini.

"Amenunua?"

"Amekataa. Anasema haina bei."

Nilimtazama nikingoja asikitike, japo kidogo, kwa ajili ya mabati. Akanyoosha mikono yote miwili kuipokea, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo, tangu tuoane, sijawahi kuiona akinitazama mimi.