Mapaja ya Ndama

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka damu safi. Baba, fundi wa reli, alinunua ng'ombe jike na fahali kutoka shamba moja la Katanga, wakafika Kindu kwa treni. Mimi nilijisomea ufugaji katika majarida ya zamani ya Kifaransa. Humo niliona picha ya fahali wa Ulaya, mapaja yamejaa kama magunia, nikataka ndama wetu afanane naye.

Jirani yetu pale mtaani Mikelenge alikuwa na fahali wa kienyeji, mfupi, asiyesumbuliwa na mbung'o. Alijitolea kumleta ampande jike letu bure. Nilikataa. Ndama wa miguu mifupi angenitia aibu. Nikachagua fahali wetu, kwa sababu mapaja yake yalizidi kidogo.

Siku ya kuzaa, ndama alikwama mabegani. Mama alishika shingo ya ng'ombe na kumbembeleza. Wadogo zangu waliishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Jirani akapaka mikono mawese, akavuta kamba pamoja na baba. Ndama alitoka amekufa, mapaja yamejaa nyama mafungu mafungu.

"Huyu njo mutoto ao njo mupiganaji?" jirani akauliza.

Ng'ombe hakusimama hadi kesho yake. Watu wakasema ni uchawi. Nilirudi kusoma, safari hii bila kuruka maelezo. Unene ule hurithiwa kwa siri: mzazi mwenye chembe moja ya urithi huo huonekana karibu wa kawaida, lakini ndama akipewa mbili, nyama yake hukua bila breki. Wetu walitoka shamba moja. Pengine walikuwa ndugu, na mimi ndiye niliyewaunganisha.

Baba alitaka kumpandisha tena kwa fahali wetu. Wenzake wa reli walikuwa wanazungumzia wingi wa nyama ya ndama yule. Si kila mimba ingekuwa hivyo, lakini sikuthubutu kubahatisha uhai wa ng'ombe.

"Baba, tukirudia anaweza kufa. Mimi ndiye niliyekosea kuchagua."

Akanijibu, "Basi, wende umuombe jirani weye mwenyewe."

Nilimkuta kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya umma, wote tukifyeka kando ya barabara. Aliacha panga lake, akahakikisha wengine wanasikia, akaniita mwananchi kwa Kifaransa cha serikali.

"Sitwayen, leo miguu mifupi imekuwa mizuri?"

Nikasema ndiyo. Wakacheka, naye akakubali.

Fahali wetu aliuzwa kwa muuza nyama. Siku hizi jike letu huzaa peke yake malishoni, ndama wadogo, na mama hukamua. Bado nasoma usiku na mchana, bado naogopa kukosea, lakini sichagui tena fahali kabla sijamfikiria atakayezaa.