Mama Tarehe na Kisanduku Kisichoachika

Siku niliyoanza kazi katika ofisi ya kumbukumbu ya hospitali, mama mmoja aliingia, akanikaribisha vizuri, kisha akainama kando ya mlango na kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye mtungi wa kuzimia moto. Aliporidhika kwamba muda wake haujapita, ndipo akaniuliza habari za nyumbani. Hilo ndilo nililoliona kwake kwanza: kila kitu alikigeuza atafute tarehe ya mwisho. Maziwa ya chai, dawa ya kikohozi ya mlinzi, hata kitambulisho changu. Wenzake walimwita Mama Tarehe, naye aliitika bila kinyongo.

Tabia hiyo aliipata kazini. Yeye ndiye aliyetunza mtandao wa hospitali, na moyo wa mtandao huo ulikuwa ruta, kisanduku cheusi kilichofungwa ukutani katika chumba kidogo chenye feni. Kisanduku hicho kilituunganisha na zahanati yetu ya upande wa pili wa mji, ambako tulipeleka majibu ya maabara. Kabla ya kupokea lolote, kisanduku cha zahanati kilidai kuonyeshwa cheti cha usalama, kama mlinzi anavyodai kitambulisho getini. Cheti kikipitwa na muda, mlango haufunguliwi, na wagonjwa wanakaa bila majibu. Kukihuisha ilikuwa kazi ya mikono, na mikono yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja.

Ndiyo maana hakusafiri. Binti yake wa pekee alipoolewa katika mji wa mbali, Mama Tarehe alikuwa amekwisha fika kituo cha basi aliporudishwa kwa simu: cheti kimekufa. Harusi aliiona kwenye picha. Asiyekuwepo na lake halipo. Hata keki hakuwekewa. Sasa binti alikuwa na mimba ya kwanza, na hakumung'unya maneno.

"Mama, mara hii nakutaka mwenyewe, sio sauti yako kwenye simu. Au umeolewa na hicho kisanduku?"

"Hakijatoa mahari," mama alimjibu.

Hata hivyo maneno yalimwingia. Alikwenda kwa mkuu wa utawala akamweleza kwamba ruta inaweza kuelekezwa iombe cheti kipya yenyewe kabla cha zamani hakijaisha. Mkuu alimpa likizo kwa sharti moja: kwanza aone kisanduku kikijihuisha, hata mara moja tu, bila mtu kukigusa. Mama Tarehe akapanga kila kitu, akaweka cheti cha muda mfupi ili jibu lisichelewe.

Asubuhi moja umeme ulikatika. Uliporudi, zahanati ilikuwa haipatikani, na simu zikaanza kulia. Fundi umeme wetu ni mtoto wa kaka yake Mama Tarehe, kijana mwenye mikono myepesi na mapenzi makubwa ya njia za mkato.

"Shangazi, zima tu huo ukaguzi wa vyeti, mambo yaende. Nani atajua?"

"Ukimfungulia kila anayebisha, kitasa uliweka cha nini?"

Aliketi, akapekua mipangilio mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwenye saa ya ndani ya ruta. Ilikuwa imerudi nyuma hadi mwaka ilipotengenezwa. Betri ndogo inayoishikilia saa hiyo ilikuwa imekufa, kwa hiyo umeme ulipokatika kisanduku kilisahau leo ni lini. Vyeti vyote viwili, chake na cha mwenzake wa zahanati, kikaviona ni vya siku ambazo bado hazijafika, kikavikataa.

Mama Tarehe alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa amekagua tarehe za watu wote, ila huyu wa ukutani hakumuuliza. Mpwa wake hakumsamehe. Kila walipopishana kwenye ukumbi alimuuliza, kwa adabu zote, leo ni tarehe ngapi.

Betri ilibadilishwa, na ruta ikaagizwa iulize saa kwa kompyuta kuu kila inapowaka, kabla ya jambo lingine lolote. Sharti la mkuu likaanza upya.

Cheti kinatakiwa kujihuisha leo alasiri. Begi la Mama Tarehe liko chini ya meza, na mpwa wake amesimama nje na pikipiki, tayari kumkimbiza kituoni. Mkuu amekuja na kiti chake mwenyewe. Mama Tarehe amekunja mikono kifuani isije ikajisahau, na kwenye skrini tarehe ya mwisho ya cheti ni ile ile ya zamani. Tangu asubuhi binti yuko wodini. Sasa hivi amepiga kuuliza kama mama ameshapanda basi.

"Bado, mwanangu," amemjibu. "Hata huku kuna anayejifungua."

Ameiweka simu mapajani, akarudisha macho kwenye ile tarehe, nasi tukaitazama pamoja naye.