Jiwe Lililotuamsha Matongo

Kila alfajiri, rafiki yangu, kabla pikipiki za hapa mjini Bomani hazijaanza kunguruma, mimi hutandika mkeka kwenye sakafu ya chumba changu cha kupanga, nikapiga magoti, nikanyoosha mikono mbele mpaka paji la uso liguse chini, kisha nikajivuta kurudi nyuma taratibu kwa kufuata pumzi. Yoga hiyo nilifundishwa chuoni, nilipokuwa nikisomea ualimu, na mkufunzi wetu wa michezo, ambaye hakuturuhusu kuifanya kwa zaidi ya dakika chache. Alisema anayeianza kwa kishindo huamka kesho yake na maumivu, na keshokutwa huamka na visingizio. Wenzangu walicheka. Mimi nilishindwa kucheka, kwa sababu mara ya kwanza nilipoinama mwili wangu uliitambua njia hiyo. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Harufu ya unga mbichi wa ulezi ikanijia puani, nami nikawa kijijini kwetu Matongo, jikoni kwa bibi.

Bibi aliamka wakati ng'ombe wakianza kukohoa zizini. Alitandaza kipande cha ngozi ya ng'ombe nyuma ya jiwe la kusagia, akapiga magoti, akamwaga ulezi kidogo juu ya jiwe, akashika kijiwe cha mviringo kwa mikono miwili. Jiwe lile kubwa lilikuwa limechimbika katikati kwa kazi ya miaka, kiasi kwamba mtoto angeweza kulalia humo shavu lake. Sisi wajukuu tulilala jikoni humohumo, na tulijifunza kuusikiliza unga. Sauti ikiwa bado inakwaruza, tulivuta blanketi. Ikilainika, tulijua uji u karibu, mmoja akapuliza moto, mwingine akaenda kuchukua maziwa ya mgando kwenye kibuyu.

Alisaga ulezi wa siku hiyo tu. Wakati fulani, nikijiona msichana mwenye nguvu, nilimwomba aniachie jiwe.

"Bibi, nisage wa wiki nzima, upumzike."

"Wa wiki nzima? Na kesho nitaamkia nini, mke mwenzangu?" Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Niamke nikodolee paa macho? Saga wa leo. Wa kesho una siku yake."

Alipomaliza alijifuta unga mikononi, akasugua magoti, akainuka bila kushika mlango, akatoka kulitazama jua likichomoza juu ya zizi. Kulisalimia jua akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe ndilo jambo alilolipenda kuliko yote. Uzee wake ulikuwa na mvi na meno machache, lakini haukuwa na fimbo.

Baadaye mashine ya kusaga ilifika karibu na barabara, na mlio wake ukawafikia wote. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyebaki na mji wa bibi, alikuwa amepata fedha kidogo kwenye machimbo, na alikuwa akijenga heshima yake. Siku moja, wanaume wakiwa wamekaa kivulini nje ya mashine, mmoja wao alimpigia kelele mbele ya watu, kwa neno letu la kumwita mwanaume.

"Mura! Mama yako bado anasaga kwa jiwe? Au ng'ombe wako ni wa kuazima?"

Walicheka mpaka mwenye mashine akatoka ndani kuuliza kulikoni. Kwetu mwanaume huvumilia mengi, lakini kicheko cha namna hiyo hukaa naye. Jioni hiyohiyo baba mdogo alilibeba jiwe kwa msaada wa vijana wawili, akalipeleka nje ya zizi.

"Mama, umeteseka vya kutosha. Kuanzia leo kazi yako ni kukaa."

"Mura, unanikalisha wapi?" bibi aliuliza.

Akamwonyesha kiti cha plastiki kilicho kipya kabisa. Sijawahi kuona mtu akipewa zawadi kwa upendo mkubwa kiasi hicho. Mama mdogo akakatazwa kumwachia mkwewe hata ufagio, majirani wakamsifu baba mdogo kwa kumtunza mama yake, na bibi akakaa. Mwaka wa kwanza alianza kushika mlango alipoinuka. Baadaye akaomba fimbo. Baadaye akaacha kuinuka.

Likizo iliyopita nilirudi na imani yangu yote ya chuoni. Nilimkuta kitandani, magoti yamejikunja, mikono imekaza kifuani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Jua limeshatoka?"

Mhudumu wa zahanati aliniambia kwamba viungo vimekaza kwa kukaa, na kwamba vinaweza kulegea kidogo vikinyooshwa kila siku, kidogokidogo, bila kuruka siku. Nilifurahi kama mtu aliyeulizwa swali analolijua. Kila asubuhi nilimshika kisigino na goti, nikanyoosha mpaka akunje uso, nikaishia hapo. Mwisho wa likizo tulimwinua, mama mdogo upande huu nami upande ule, akasimama mlangoni kwa muda wa pumzi chache. Jua lilimpiga usoni. Alilitazama tu.

Nilimfundisha mama mdogo, akaahidi, nami namheshimu, kwa hiyo sitamlaumu. Ana shamba, ana watoto, ana ndizi za kupeleka sokoni. Nilipopiga simu aliniambia, "Leo mvua imetunyima nafasi, mwanangu, kesho." Halafu ilikuwa siku ya mnada. Halafu kulikuwa na msiba kwa jirani. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Dakika chache za kila siku zinahitaji mtu aliye pale kila siku, na mimi nilikuwa Bomani, nikiwafundisha watoto wa watu wengine.

Nilirudi huko juzi. Magoti yamejifunga kuliko mwanzo. Nilipoanza kuyanyoosha, bibi alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaweka kiganja juu ya mkono wangu.

"Acha, mke mwenzangu. Usinivunje. Jua nililiona."

Nilitoka nje. Jiwe bado lipo pembeni mwa zizi. Baba mdogo huweka chumvi ya mifugo katikati yake, pale palipochimbwa na mikono ya bibi, na ndama walikuwa wakilamba kwa zamu. Jikoni wajukuu wapya walikuwa bado wamelala, maana siku hizi hakuna sauti ya kuwaamsha.

Leo alfajiri nimetandika mkeka kama kawaida. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Nimesikiliza kwa muda mrefu, na chini ya mikono yangu hapakuwa na unga.